Majivu ya Kupimia Upepo

Ipo asubuhi moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo hunirudia nikiwa kwenye kazi yoyote ya mikono. Nikichonga mpini, inakuja. Nikikamua ng'ombe, inakuja. Na kila ikija nakasirika upya, kana kwamba mambo yale yametokea juzi na mimi bado ni kijana wa miaka ishirini na miwili mwenye upinde na kichwa kilichovimba kwa sifa.

Kaa hapo. Hicho kispika chako kiweke chini, na simu pia. Nakuita mwanangu ingawa kwa ukoo wewe ni mjukuu, kwa sababu babu yako alikuwa kaka yangu wa tumbo moja, na alipokufa niliachiwa nyumba yake niiangalie. Kwa hiyo nina haki ya kukugombeza na leo nitaitumia yote. Jana jioni ulijificha nyuma ya zizi, ukafungulia sauti ya mtoto wa mbuzi anayelia ili mbweha waje uwapige. Sauti ilisikika mpaka barabarani. Wewe na wenzako mkacheka. Mimi sikucheka, na utakaa hapa mpaka uelewe kwa nini.

Usidhani nachukia simu yako. Mimi nilifanya jambo lile lile kwa mdomo wangu mwenyewe, na nilifanya vizuri kuliko hicho kidude.

Miaka ile dhahabu ilikuwa imewapanda watu kichwani. Mgodi mkubwa ulikuwa haujaja na uzio wake. Hapa Genkuru walikuja watu kutoka Shinyanga, kutoka Geita, wengine walivuka Sirari wakaja na Kiswahili chao cha Kenya, na kila mmoja alikuwa na sururu begani. Walichimba popote. Wakifika kwenye mwamba mtupu waliliacha duara, lile shimo la kuchimbia, wazi na kuhamia kando, wakaanza jingine, na lile la kwanza nyasi zikaota mdomoni mwake hadi ukiwa mbali uone bonde zuri la malisho. Hakuna aliyeweka hata tawi la mti kuonya. Mpaka leo nikiwakumbuka natamani niwapate mmoja mmoja.

Kambini palikuwa na mabucha, na matumbo ya ng'ombe yalitupwa ovyo. Mbweha wakahamia. Mwanzoni walikuwa hawana haya, wanapita katikati ya maturubai mchana kweupe. Wachimbaji wakaanza kuwatilia sumu kwenye nyama na kuwategea tanzi za waya. Wajinga wakafa wote. Waliobaki ni wale walioonja sumu wakatapika, na waliokatikiwa na waya wakaponyoka. Hao ndio waliotuhamia sisi wenye mbuzi, na hao ukiwaonyesha nyama hawaigusi, ukiacha alama ya kiatu njiani wanapita mbali.

Walikula watoto wa mbuzi wa nyumba hii mpaka tukachoka kuhesabu. Aliyeumia zaidi ni bibi yako Robi. Wakati huo alikuwa mke mdogo wa kaka yangu, na kaka yangu alikuwa amekwenda Geita kutafuta dhahabu, kana kwamba hapa haikuwepo. Robi alibakiwa na mbuzi jike mmoja na mtoto wake mmoja, jike pia. Kitoto kile kilizaliwa na sauti iliyopasuka, kinalia kama mtu mwenye mafua. Kila mtu alikijua kwa sauti. Robi alikifungia ndani ya nyumba kila anapokwenda shambani, na alikwisha kusema mbele ya watu kwamba kile kikiliwa, basi, yeye na mbuzi wameachana.

Nikamwambia, "Shemeji, huyo mbweha nitakuletea."

Nilikuwa na sababu ya kujigamba. Kuita mbweha nilifundishwa na mzee Wambura, mjomba wa mama yangu, Mwikoma wa upande wa Nyambureti, mtu aliyekulia kwenye uwindaji. Aliniweka kwake msimu mzima. Alinifundisha kubana unyasi mpana katikati ya vidole gumba na kupuliza mpaka utoke mlio wa mtoto wa mbuzi aliyebanwa. Alinifundisha kulia kidogo kisha kunyamaza muda mrefu, muda wa maji ya ugali kuchemka, halafu kulia tena kwa unyonge zaidi, maana anayekufa haongezi sauti. Alinifundisha kujipaka kinyesi cha ng'ombe miguuni. Na kwamba mbweha mwenye akili akiitwa haji moja kwa moja. Anazunguka kwanza autafute upepo, na akiipata harufu yako tu, umemaliza siku. Kwa hiyo ni lazima uujue upepo kabla yake. Unaujua kwa majivu: unachukua kidogo kwa vidole viwili, unaachia, unaangalia yanakoelekea.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo nilipoharibu. Mzee Wambura hakuwinda kwa majivu ya jiko lake. Siku moja kabla ya kuita alizunguka kila nyumba ambayo mlio wake ungefika. Anapiga hodi, anasalimia, anaulizia wagonjwa, anakunywa uji kama upo, kisha anasema, "Kesho nitalia upande fulani, msije." Wanampa majivu kiganja kimoja kutoka jikoni mwao, anayatia kwenye kifuko cha ngozi. Ikiwepo nyumba isiyompa majivu, siku hiyo haiti mbweha. Nilizunguka naye mara nyingi na kila mara nilikuwa nimekasirika kimoyomoyo. Siku nzima inapotea kwa kusalimiana! Nilifikiri ni mambo ya wazee ya kupenda uji.

Nilipokuwa peke yangu nikaona sina haja. Majivu ni majivu. Ya jiko la mama yangu yanaruka sawasawa na ya jiko la jirani. Tena nizunguke kwa nani? Nusu ya majirani walikuwa wachimbaji chini ya maturubai, watu nisiojua hata majina yao, na wengi walipikia majiko ya mafuta ya taa. Niende nikawaombe majivu wasiyokuwa nayo, wanicheke na upinde wangu? Nikachota ya nyumbani, nikajaza kifuko, nikalala vizuri.

Asubuhi jua lilipotoka nilikuwa nimekwisha kukaa. Yule mbweha nilimjua, dume aliyekatwa ncha ya mkia na waya. Mara tatu nilikuwa nimemwita porini kwa mlio wa kawaida, akaja mpaka umbali wa kuonekana, akakaa chini kama mzee wa baraza, akanisikiliza, akaondoka. Nilielewa kinachomtia wasiwasi. Mtoto wa mbuzi hawezi kuwa peke yake kule porini na yeye analijua hilo. Basi nikaamua nimwite karibu na nyumba, kwenye lile bonde la maduara ya zamani, na nimwite kwa sauti anayoifahamu, ya kile kitoto alichokuwa anakizungukia kila siku bila kukipata. Nilifanya mazoezi siku nne, nikakunja unyasi upande mmoja mpaka mlio ukapasuka kama ule wenyewe. Nilijisifu sana kwa ule mpasuko. Kondo la nyuma la mbuzi nililisugua kwenye nyasi mbele yangu kuua harufu.

Na kuingia pale, mwanangu, niliingia na fimbo, nachoma ardhi mbele ya kila hatua nisije nikatumbukia. Kumbuka hilo. Nilijua vizuri nimekaa mahali gani.

Nikalia. Nikanyamaza. Nikalia tena kwa unyonge. Majivu yakaniambia upepo unatoka kushoto. Mara ya tatu nikamwona anatoka kwenye kichaka upande wa kushoto, anazunguka polepole, pua juu. Nikapuliza kidogo tu, kama pumzi. Akaongeza hatua. Nikaweka unyasi chini, nikachukua upinde, nikavuta. Hatua arobaini. Thelathini. Nilitaka ishirini.

Ndipo nikamwona Robi.

Alikuwa anapalilia mtama shamba la juu, na aliisikia sauti ya mbuzi wake. Asingekwenda kuhakikisha kama kitoto kipo nyumbani, wewe ungekwenda? Kilikuwepo, kimefungiwa, kimelala karibu na mafiga. Yeye alitupa jembe akakimbia kuelekea kwenye sauti, akaacha njia, akaingia kwenye nyasi moja kwa moja. Mgongoni alikuwa amembeba baba yako, mtoto wa miezi mitano, kichwa kinaruka.

Hili nitakalokwambia sasa watu wa ukoo huu hawalijui. Nilimwona mapema. Nilikuwa na muda wa kupiga kelele, "Simama!" Neno moja. Na mbweha naye alikuwa amefika hatua ishirini na tano, sikio limesimama, na nilijua nikipiga kelele ataruka na hatarudi tena maisha yake yote. Nikajiambia, atasimama mwenyewe. Nikajiambia, labda duara lipo upande mwingine. Nikanyamaza. Nikaachia mshale.

Nilimpata mbweha ubavuni. Nikageuka, na Robi hakuwepo.

Kilio chake kilitoka chini ya ardhi. Wachimbaji walikuja mbio na kamba, nami nikashuka, kwa sababu nilikuwa mwepesi. Kina cha watu watatu, wamesimama mmoja juu ya mwingine. Alikuwa ameanguka kwa nyonga na tumbo. Alipohisi ardhi haipo alijigeuza hewani ili mgongo wenye mtoto usitangulie. Sijui alijigeuzaje. Baba yako alikuwa analia, mzima, ana vumbi machoni. Robi hakulia tena. Aliniuliza, "Mbuzi wangu amepona?"

Walimbeba kwa kitanda mpaka hospitali. Alilala huko miezi, akarudi na mguu ule unaoujua, unaomchelewesha mpaka wewe unamwambia, "Bibi, twende basi." Nimekusikia ukimwambia hivyo njiani kwenda kanisani. Nilitaka kukuzaba kibao.

Na mimi nikasifiwa! Nimeshuka shimoni, nimemtoa shemeji yangu, nimemuua mbweha sugu, yote asubuhi moja. Vijana wa kambi walimzungusha yule mbweha kwenye mti wakiimba jina langu. Mama yangu alinichinjia kuku. Nilimla yule kuku, mwanangu, na mafuta yake bado nayasikia kooni.

Siku ya nne mzee Wambura alifika kwa baiskeli kutoka Nyambureti. Nilimpokea, "Shikamoo, babu." Hakuitikia. Alikaa, akanyoosha mkono.

"Lete kifuko."

Nikampa. Akatia vidole, akayasugua, akayaangalia.

"Mura, kijana wangu, haya yametoka jiko la nani?"

"La mama, babu."

"Na mengine?"

"Ni hayo tu."

Mzee yule sikuwahi kumsikia akipaza sauti, hata siku ile hakupaza. Akamwaga majivu chini mbele ya mama yangu na wageni wote waliokuja kunipongeza, akanirudishia kifuko kitupu.

"Ulikuwa na haraka ya kitu gani?" akaniuliza. "Nilikufundisha kulia uongo kwa sababu nilidhani utawaambia watu ukweli kwanza. Sasa nenda kazunguke. Kila nyumba uliyoiruka. Uombe majivu, na ukiulizwa ya nini, useme."

Nikazunguka. Nyumba na maturubai, siku mbili nzima. Kila mlango nasimama na kifuko: mimi ndiye niliyelia, sikuwaambia, naomba majivu. Wengine walinipa wakanigeuzia mgongo. Mama mmoja alinipa akalia. Wapo walionipikia uji, sikuweza kuunywa. Mwisho nikafika kwa wachimbaji waliokuwa karibu kabisa na lile bonde. Nilimkuta Msukuma mmoja, mpishi wao, anapikia kuni, amezungukwa na majivu ya kutosha kujaza debe. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kaka," akasema, "lile duara tulilichimba sisi. Ungepita hapa kwanza ningekwambia, usilie upande ule. Au tungelifunika kwa magogo, kazi ya nusu saa. Mbona hukupita?"

Nikamnyooshea kifuko. Alijaza kifuko changu kwa mikono miwili, hakunitukana, akarudi kwenye sufuria yake. Natamani angenitukana. Hasira niliyokuwa nayo kwa waliochimba nikakosa pa kuiweka, maana mmoja wao alikuwa amenijibu kama ndugu, na mimi ndiye niliyempita mlangoni kwake siku zote nikijifanya simwoni.

Tangu siku ile sijaita mbweha. Lakini hata mzee Wambura sikumwambia kwamba nilimwona Robi akikimbia. Alikufa akidhani kosa langu ni la majivu peke yake. Nimekaa na jambo hilo miaka yote, nimezeeka nalo, nimekula meza moja na bibi yako Krismasi na Pasaka.

Sasa turudi kwako. Jana ulipofungulia kispika chako nilikuwa nimekaa na bibi yako, tunapukuchua mahindi. Yule mama hawezi kunyanyuka kwenye kigoda bila kushikwa mkono, unajua. Aliposikia ile sauti alinyanyuka. Mahindi yakamwagika yote. Alifika kwenye ua kwa mguu ule, bila fimbo, anahema, anauliza, "Ni wa nani? Ni wa nani huyo?" Nikamkimbilia, nikamshika. Ninyi kule nyuma ya zizi mnacheka.

Sikulala. Leo asubuhi nilikwenda nyumbani kwake nikamwambia lile ambalo sijamwambia mtu. Nikamwambia, "Robi, siku ile nilikuona unakuja. Ningeweza kukupigia kelele. Nilinyamaza kwa sababu ya mbweha."

Alikuwa anachambua mchele. Hakuacha kuchambua.

"Najua," akasema. "Nami nilikuona. Nilikuona umevuta upinde, nikasema moyoni, shemeji yupo, amemlenga anayemuumiza mbuzi wangu. Ndiyo maana nikaongeza mbio."

Akaendelea na mchele wake. Nilisubiri hata anifukuze. Nilipotoka aliniita, nikadhani sasa ndiyo. Akaniambia nimwambie yule kijana asilie tena karibu na nyumba, maana yeye hawezi kujizuia kwenda.

Basi nimekwambia. Sikukatazi kuwinda. Mbweha wamezidi, mbuzi wanaliwa, na mtu anayekaa anaangalia mifugo yake ikiisha ni mvivu. Lakini kabla hujaita, zunguka. Nenda kila nyumba ambako sauti yako itafika, hata kwa mgeni, hata kwa yule mwenye geti la chuma na mbwa wakali. Utapoteza siku nzima, na utakuwa umeitumia vizuri kuliko siku zako nyingi. Waambie ni lini na ni upande gani. Waulize kuna nini huko ambacho hukijui. Sauti ya mnyama wa mtu usiiige kamwe, iga ya mnyama asiye wa mtu. Na ukiwa umevuta upinde ukamwona binadamu anakuja, piga kelele, mbweha aende zake. Mbweha watazaliwa wengine. Mimi nilikuwa na nafasi ya neno moja, nikalibana mdomoni kwa ajili ya ngozi ambayo baada ya mwaka ililiwa na mchwa.

Bado nina hasira, usione nimeshusha sauti. Nina hasira na wewe kidogo, na mimi nyingi.

Sogea nikutemee mate ya baraka, maana sitaki uondoke na ukali wangu peke yake. Mungu akulinde kwenye nyasi na kwenye njia. Mbuzi wako wazae pacha na mshale wako usipotee. Wanaokuamini wasijute kukukimbilia. Na siku utakayohitajika kupiga kelele kwa ajili ya mtu, Mungu akupe mdomo mwepesi, pale ambapo mimi wangu ulikuwa mzito.